Nani Ashike Ramani? Historia ya Majedwali ya Kurasa za Mgeni katika Haipavaiza, 1962–2021

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna haipavaiza, yaani programu inayoigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe nyingi, ilivyosimamia majedwali ya kurasa ya mifumo endeshi iliyo wageni ndani yake. Majibu makuu matatu yanabainishwa: haipavaiza kutunza nakala yake ya siri, mgeni kushirikishwa katika kazi, na maunzi kubebeshwa mzigo wote. Inahojiwa kwamba majibu hayo hayakufuatana kama vipandio vya ngazi ya maendeleo, ambapo cha juu hukifuta cha chini. Kila jibu lilihamisha gharama kutoka mahali pamoja hadi pengine, na lilihamisha pia swali la nani aaminiwe. Ushahidi unatolewa katika mifumo ya IBM ya miaka ya 1960 na 1970, bidhaa za VMware, mfumo wa Xen, prosesa za AMD na Intel, na udhaifu wa kiusalama uliotangazwa mwaka 2018.

1.0 Utangulizi

Mwenye kutoa fedha kwa simu, kulipa kodi kwa mtandao au kutazama matokeo ya mtihani hafahamu, wala halazimiki kufahamu, kwamba hesabu zake aghalabu hufanywa na kompyuta ambayo kwa hakika haipo. Kilichopo ni mashine moja kubwa katika ukumbi wa seva, na ndani yake mashine pepe kadhaa ambazo kila moja hujidhania kuwa kompyuta kamili. Jirani wa mashine hiyo pepe anaweza kuwa benki, duka au mtu asiyejulikana aliyekodi nafasi kwa saa moja. Kinachozuia jirani huyo asisome siri za mwenzake ni mpango wa anwani za kumbukumbu. Mpango huo ndio mada ya makala haya.

Ili historia ieleweke, msingi wake hauna budi kuelezwa. Katika kompyuta za leo, programu haitaji mahali halisi pa kumbukumbu. Hutaja anwani pepe, nayo prosesa huitafsiri anwani hiyo kuwa anwani halisi kwa kusoma jedwali la kurasa. Kumbukumbu hukatwa vipande vya ukubwa sawa, ambavyo katika prosesa za ukoo wa x86 kwa kawaida huwa vya baiti 4,096. Kipande cha upande wa programu huitwa ukurasa. Kipande cha upande wa kumbukumbu halisi huitwa fremu. Jedwali husema ukurasa fulani umo katika fremu fulani, na kama unaruhusiwa kusomwa tu au kuandikwa pia. Mfumo endeshi ndio unaoliandika jedwali hilo, na mwenye kuliandika ndiye mwenye mamlaka juu ya kumbukumbu nzima.

Tatizo huanza pale mfumo endeshi wenyewe unapogeuzwa kuwa mgeni. Tuseme mgeni ameandika katika jedwali lake kwamba ukurasa wa 10 umo katika fremu ya 5. Mgeni huamini kuwa fremu ya 5 ni halisi, ilhali haipavaiza imempa fremu ya 912 na kumwachia jina la 5. Prosesa ikilisoma jedwali la mgeni kama lilivyo, itakwenda kwenye fremu ya 5 iliyo halisi, ambayo huenda ni ya mgeni mwingine au ya haipavaiza yenyewe. Kwa hiyo tafsiri zahitajika mbili: kutoka 10 hadi 5, kisha kutoka 5 hadi 912. Ya kwanza ni mali ya mgeni, na ya pili ni mali ya mwenyeji. Historia inayosimuliwa hapa ni ya ugomvi wa miaka zaidi ya hamsini kuhusu nani aziunganishe tafsiri hizo, wakati gani, na kwa gharama ya nani.

2.0 Kurasa kabla ya wageni

Chimbuko la kurasa ni mashine ya Atlas, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Manchester kwa ushirikiano na kampuni ya Ferranti, na kuzinduliwa Desemba 1962. Kikundi cha Tom Kilburn kilikabiliwa na uhaba: kumbukumbu ya haraka ilikuwa na maneno 16,384 tu, ilhali ngoma ya sumaku, iliyokuwa na mwendo wa polepole, ilibeba mengi zaidi. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe ni sehemu ipi iletwe na ipi irudishwe. Atlas ilimwondolea kazi hiyo. Kumbukumbu iligawanywa katika kurasa za maneno 512, na rejesta 32, moja kwa kila fremu, zilihifadhi habari za ukurasa uliomo. Programu ilipoutaja ukurasa usiokuwapo, mashine ilisimama, ikauleta kutoka kwenye ngoma, ikaendelea.

Jambo la kuzingatia ni kuwa Atlas ilitenganisha jina na mahali. Programu ilibaki na jina. Mahali palibadilika bila yenyewe kujua. Utengano huo ndio ulioruhusu, miaka michache baadaye, hata mfumo endeshi mzima upewe majina matupu na kuamini kuwa ni mahali.

3.0 Cambridge, Massachusetts: kivuli cha kwanza

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilianzisha Kituo cha Sayansi mjini Cambridge, Massachusetts, chini ya Norman Rasmussen. Humo Robert Creasy na Les Comeau waliongoza utengenezaji wa CP-40, mfumo ulioanza kutumika Januari 1967. Walichukua kompyuta ya System/360 Model 40, wakaiongezea maunzi maalumu ya kutafsiri anwani, wakaigawa kuwa mashine pepe zisizozidi kumi na nne, kila moja ikiwa na baiti 256K za kumbukumbu. Mashine hizo pepe zilikuwa za kawaida, zisizokuwa na kurasa zao wenyewe. Tafsiri ilikuwa moja tu, na ilikuwa mikononi mwa CP-40 peke yake.

Ugumu ulijitokeza katika mrithi wake, CP-67, uliotengenezwa kwa ajili ya System/360 Model 67. Mashine hii ilitoka kiwandani ikiwa na majedwali ya sehemu na ya kurasa. Iwapo mashine pepe ingekuwa nakala aminifu ya Model 67, basi nayo ilipasa kuwa na majedwali hayo. Hapo ndipo tafsiri mbili zilipokutana kwa mara ya kwanza, huku maunzi yakiwa na uwezo wa kufanya moja tu.

Ufumbuzi uliobuniwa ni jedwali kivuli. Haipavaiza hulisoma jedwali la mgeni, hulioanisha na jedwali lake yenyewe, kisha huandika jedwali la tatu lenye matokeo ya moja kwa moja. Katika mfano uliotangulia, mgeni ameandika 10 kwenda 5. Mwenyeji anajua 5 ni 912. Kivuli kitasema 10 kwenda 912. Prosesa huonyeshwa kivuli pekee. Mgeni huendelea kuliandika jedwali lake akidhani linasomwa na mashine, kumbe linasomwa na haipavaiza tu.

Kazi hiyo haikuwa ya anasa. IBM ilipotangaza System/370 mwaka 1970, mashine hizo hazikuwa na kumbukumbu pepe. Wahandisi walipotaka kuandaa programu za toleo lijalo lenye kurasa, waliirekebisha CP-67 iige mashine ambayo bado haijaundwa. Toleo moja, lililoitwa CP-67-H, liliigiza mashine ya 370 juu ya Model 67. Toleo jingine, CP-67-I, liliandikwa kwa ajili ya 370 na kuendeshwa ndani ya lile la kwanza. Kwa njia hiyo programu ilijaribiwa kabla ya chuma chake kuwapo. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370, na jedwali kivuli likawa sehemu ya bidhaa ya kibiashara.

Miaka miwili baadaye, Gerald Popek na Robert Goldberg waliweka nadharia ya jambo hili. Walibainisha sifa tatu za mashine pepe: mgeni aone tabia ileile ambayo angeiona kwenye mashine halisi, haipavaiza ibaki na udhibiti kamili wa rasilimali, na sehemu kubwa ya amri za mgeni zitekelezwe na maunzi moja kwa moja. Kutokana na hayo walitoa sharti: kila amri inayogusa hali nyeti ya mashine sharti inase, yaani ikitekelezwa na asiye na mamlaka, udhibiti urudi kwa mwenye mamlaka. Sharti hilo liliposahauliwa na wabunifu wa prosesa ndogo, gharama yake ililipwa na kizazi kingine.

Kabla ya kuondoka katika zama hizi, ni muhimu kutaja kwamba IBM haikutosheka na kivuli. Kila mgeni alipobadilisha jedwali lake, haipavaiza ililazimika kurekebisha nakala yake, na gharama hiyo ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, usanifu wa 370-XA ulileta amri iitwayo SIE, iliyoiruhusu mashine kumwendesha mgeni na kupitia majedwali ya mgeni na ya mwenyeji yote mawili katika maunzi. Hivyo jibu ambalo ulimwengu wa kompyuta ndogo ungelisherehekea kama uvumbuzi mpya zaidi ya miongo miwili baadaye lilikuwa tayari linafanya kazi katika kompyuta kubwa.

4.0 x86 na gharama ya kusahau

Mwaka 1985 Intel ilitoa prosesa ya 80386, iliyokuwa na kurasa za baiti 4,096, majedwali ya ngazi mbili, na rejesta ya CR3 inayoonyesha jedwali lianziapo. Ilikuwa prosesa ya mtu mmoja na meza yake, na hapakuwa na sababu ya wazi ya kuwafikiria wageni. Matokeo yake, baadhi ya amri zake nyeti hazikunasa. Amri ya POPF, kwa mfano, ikitekelezwa na asiye na mamlaka na kujaribu kubadilisha ruhusa ya ukatizaji, hupuuza badiliko hilo kimya kimya. Haipavaiza haipati habari kuwa mgeni aliomba jambo. Uchambuzi wa John Robin na Cynthia Irvine uliochapishwa mwaka 2000 uliorodhesha amri 17 za namna hiyo katika Pentium. Kwa kipimo cha Popek na Goldberg, ukoo huu haukufaa.

Walioonyesha kwamba unawezekana walitoka Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1997 Edouard Bugnion, Scott Devine na Mendel Rosenblum walichapisha maelezo ya Disco, haipavaiza iliyobuniwa kwa prosesa za MIPS. MIPS haina jedwali linalosomwa na maunzi. Ina hifadhi ndogo ya tafsiri za karibuni, nayo tafsiri ikikosekana humo, programu huitwa kuijaza. Kwa hiyo Disco ilisimama mlangoni: kila mgeni alipotaka kuingiza tafsiri, Disco iliibadilisha 5 kuwa 912 kabla ya kuiruhusu kupita.

Mwaka 1998 watafiti hao, pamoja na Diane Greene na Edward Wang, walianzisha kampuni ya VMware, na Mei 1999 wakatoa bidhaa yao ya kwanza kwa x86. Huko mlango wa Disco haukuwapo, kwa sababu prosesa ya x86 hujisomea jedwali yenyewe bila kumuuliza mtu. Hapakuwa na budi kurudi kwenye kivuli. Amri zisizonasa zilishughulikiwa kwa kutafsiri msimbo wa kiini cha mgeni wakati wa utekelezaji. Kurasa zilizobeba majedwali ya mgeni zilifungwa zisiandikwe, ili mgeni akijaribu kuzibadilisha anaswe, na kivuli kirekebishwe papo hapo.

Utunzaji wa kivuli ni kazi yenye mitego mingi. Mgeni akibadilisha mchakato unaoendeshwa, huandika thamani mpya katika CR3, nayo haipavaiza hulazimika kutafuta au kujenga kivuli kingine. Prosesa ikiweka alama kuwa ukurasa umesomwa au umeandikwa, alama hiyo huwekwa kwenye kivuli, na haipavaiza yapaswa kuirudisha kwenye jedwali la mgeni, la sivyo mgeni atautupa ukurasa ambao haujahifadhiwa kwenye diski. Tena kila hitilafu ya ukurasa yataka kuchunguzwa: je, ni ya mgeni, ambaye kweli hajauweka ukurasa huo, au ni ya kivuli ambacho hakijajazwa? Ya kwanza hupelekwa kwa mgeni. Ya pili hufichwa asiijue.

Kumiliki tafsiri ya pili kulikuwa na faida pia. Mwaka 2002 Carl Waldspurger alieleza mbinu zilizotumika katika ESX Server ya VMware. Mojawapo ni puto: programu ndogo hupandikizwa ndani ya mgeni, nayo ikitumwa huomba kumbukumbu nyingi kutoka kwa mfumo endeshi wa mgeni. Mgeni, akijiona ana dhiki, huachilia kurasa asizozihitaji sana. Haipavaiza huzichukua fremu zilizo nyuma ya puto na kumpa mwingine. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba uamuzi wa ukurasa upi utolewe huachwa kwa mgeni, ambaye ndiye ajuaye thamani ya mali yake. Mbinu nyingine ilitafuta kurasa zenye maudhui sawa katika wageni tofauti na kuzielekeza zote kwenye fremu moja ya kusomwa tu, mpaka mmoja wao atakapotaka kuandika.

5.0 Xen: mgeni kupewa jembe

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilichotangaza mfumo wa Xen mwaka 2003, kilifuata hekima inayokaribiana na hiyo. Badala ya kumdanganya mgeni kwa kivuli, kikundi hicho kiliubadilisha msimbo wa mfumo endeshi ili ujue kwamba ni mgeni na ushiriki katika kazi.

Katika Xen, mgeni huandika katika jedwali lake nambari za fremu zilizo halisi, yaani 912 badala ya 5, na jedwali hilohilo ndilo linalosomwa na prosesa. Hakuna nakala ya pili. Hata hivyo mgeni hawezi kuliandika mwenyewe. Analiona kwa kusoma tu. Anapotaka badiliko hutuma ombi kwa Xen, ambayo hukagua kwamba fremu iliyotajwa ni yake kweli, kisha huandika. Maombi mengi huweza kukusanywa na kutumwa kwa mkupuo mmoja, na hilo ndilo lililopunguza gharama.

Usalama wa mpango huu ulitegemea kanuni moja iliyo nyepesi kuisema. Kila fremu ilipewa aina na hesabu ya marejeo. Fremu inayotumika kama jedwali la kurasa haiwezi, kwa wakati uohuo, kuwa fremu inayoandikika. Ikiwa mgeni hawezi kamwe kuandika moja kwa moja ndani ya jedwali, basi hawezi kujipatia fremu ya jirani.

Udhaifu wa jibu hili ulikuwa wa kijamii zaidi ya kiufundi. Lilimtaka mgeni akubali kubadilishwa. Linux, ambayo msimbo wake u wazi, ilibadilishwa bila tabu. Mfumo endeshi wa kibiashara ambao msimbo wake umefungwa ulihitaji ridhaa ya mwenyewe. Pamoja na hayo, Xen ilipata nafasi kubwa katika historia. Huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon, iliyofunguliwa kwa majaribio Agosti 2006 na ambayo sehemu kubwa ya utengenezaji wake wa awali ilifanywa na timu iliyokuwa Cape Town, Afrika Kusini, ilijengwa juu ya Xen. Biashara ya kukodisha mashine pepe kwa saa, ambayo leo yaitwa wingu, ilianza juu ya majedwali yaliyokaguliwa kwa mtindo huu.

6.0 Maunzi yabeba mzigo

Mwishoni mwa mwaka 2005 Intel ilitoa prosesa zenye nyongeza ya VT-x, na mwaka 2006 AMD ikafuata na yake. Nyongeza hizo ziliponya kasoro ya amri zisizonasa, lakini hazikugusa majedwali ya kurasa. Keith Adams na Ole Agesen wa VMware walionyesha mwaka huohuo 2006 kwamba maunzi hayo ya kwanza aghalabu yalishindwa na mbinu ya kutafsiri msimbo. Sababu ilikuwa wazi: kivuli bado kilihitajika, na kila badiliko la jedwali lilimtoa mgeni nje kwenda kwa haipavaiza na kumrudisha, safari iliyogharimu muda mwingi wa prosesa.

Mfumo wa KVM, ulioandikwa na Avi Kivity na wenzake na kuingizwa katika Linux 2.6.20 Februari 2007, ulizaliwa katika hali hiyo. Uliegemea VT-x na nyongeza ya AMD kwa amri nyeti, lakini kwa kumbukumbu ulibeba msimbo wake wa vivuli, wenye mitego ileile iliyotajwa hapo juu.

Nafuu ilikuja pale maunzi yalipofundishwa kusoma majedwali mawili. AMD ilileta uwezo huo katika prosesa iliyojulikana kwa jina la Barcelona, Septemba 2007. Intel iliuleta katika Nehalem, Novemba 2008. Sasa mgeni huandika 10 kwenda 5 bila kunaswa, mwenyeji huandika 5 kwenda 912 katika jedwali la ngazi ya pili, na prosesa huunganisha yenyewe. Kufunga kurasa za majedwali, kufuatilia CR3 na kurudisha alama hakukuhitajika tena.

Gharama, hata hivyo, haikutoweka, ilihama. Katika prosesa za biti 64, jedwali la kurasa lina ngazi nne, hivyo tafsiri moja isiyopatikana katika hifadhi ya tafsiri yataka kusomwa kumbukumbu mara nne. Mgeni anapohusika, kila ngazi ya jedwali lake imetajwa kwa anwani ya mgeni, ambayo yenyewe yataka kutafsiriwa kwa ngazi nne za mwenyeji kabla ya kusomwa. Hiyo ni mara tano kwa kila ngazi, yaani 20 kwa ngazi zote nne. Anwani ya mwisho ya mgeni nayo yataka tafsiri ya mara nne. Jumla ni 24. Kivuli kingehitaji mara nne tu. Ndiyo maana hifadhi kubwa za tafsiri na kurasa kubwa za megabaiti 2 zimekuwa muhimu zaidi tangu wakati huo: hizo hupunguza idadi ya safari na urefu wake.

7.0 Kivuli kinarudi

Lau historia ingekuwa ngazi, jedwali kivuli lingekoma mwaka 2008. Halikukoma, na mifano miwili yatosha.

Wa kwanza ni wa mgeni mwenye wageni. Mwaka 2010 watafiti wa IBM, wengi wao wa maabara ya Haifa, walichapisha mradi wa Turtles, ulioiwezesha haipavaiza kuendeshwa ndani ya KVM juu ya prosesa za Intel. Hapo tafsiri ni tatu: ya mfumo wa ndani kabisa, ya haipavaiza ya kati, na ya haipavaiza ya chini. Maunzi hujua mbili tu. Ufumbuzi ulikuwa kuunganisha tafsiri mbili za haipavaiza katika jedwali moja, na kuiachia prosesa hilo pamoja na la mgeni. Huko ni kutengeneza kivuli, ila safari hii ni kivuli cha jedwali la ngazi ya pili. Tatizo la CP-67 ndani ya CP-67 lilikuwa limepanda ghorofa moja.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 14 Agosti 2018 ulitangazwa udhaifu wa prosesa za Intel uitwao Foreshadow au L1TF. Ingizo la jedwali la kurasa lina biti inayosema kama ukurasa upo. Biti hiyo ikiwa sifuri, prosesa hupaswa kuacha na kutoa hitilafu. Ilibainika kwamba kabla hitilafu haijathibitishwa, prosesa hutangulia kubahatisha: huichukua anwani iliyomo katika ingizo kana kwamba ni anwani halisi, na ikiwa data ya mahali hapo imo katika kashe ya ngazi ya kwanza, huitumia. Katika kubahatisha huko, jedwali la ngazi ya pili halikuulizwa kabisa. Mgeni mwovu aliweza kuandika katika jedwali lake 912 badala ya 5, akaizima biti ya kuwapo, kisha kwa kupima muda akakisia data ya jirani.

Ni vyema kutua hapa. Uhuru aliopewa mgeni mwaka 2007, wa kuandika jedwali lake na maunzi yakalisoma moja kwa moja, ndio uliofungua mlango huu. Waliokuwa bado wakitumia kivuli hawakuathirika kwa njia hiyo, kwa kuwa prosesa haikuwahi kusoma neno lililoandikwa na mgeni. Ilisoma tu kilichoandikwa na haipavaiza. Maelezo ya usalama ya Linux yalitaja kuzima jedwali la ngazi ya pili na kurejea kwenye kivuli kuwa kinga kamili kwa wageni, ingawa yenye gharama kubwa ya kasi. Xen nayo iliwahamishia kwenye vivuli wale wageni wake wa mtindo wa kushirikishwa walioandika maingizo ya hatari. Kwa wengi suluhisho lilikuwa kuifuta kashe kila mgeni anapoingia, na kutahadhari kuhusu nyuzi mbili za utekelezaji zinazoshiriki kiini kimoja cha prosesa.

8.0 Mgeni anapomshuku mwenyeji

Mpaka hapo, hofu ilikuwa ya upande mmoja: mwenyeji alijilinda na mgeni, na wageni walilindwa wao kwa wao. Biashara ya wingu ilizua hofu ya upande wa pili. Mgeni alianza kuuliza: ni nani atakayemlinda na mwenyeji? Tangu mwaka 2016 AMD ilitangaza SEV, mfumo unaoificha kumbukumbu ya kila mgeni kwa ufunguo usiojulikana na haipavaiza. Data ikafungwa, lakini jedwali la ngazi ya pili likabaki mikononi mwa mwenyeji.

Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer AISEC nchini Ujerumani walionyesha, katika shambulio walilolipa jina la SEVered, kwamba hilo halikutosha. Mwenyeji hakuhitaji kuvunja ufunguo. Alibadilisha tu ramani: palipokuwa na ukurasa wa tovuti uliotolewa kwa umma, akaelekeza ukurasa wa siri wa mgeni yuleyule. Huduma ya mgeni ilipoombwa faili, ilifungua siri zake kwa mkono wake na kuzituma nje. Ufunguo ulikuwa imara, na ramani ndiyo iliyosaliti.

Jibu la AMD, lililotolewa katika prosesa za mwaka 2021 kwa jina la SEV-SNP, ni jedwali jingine tena. Jedwali hili husomwa kinyume: kwa kila fremu halisi, husema ni ya mgeni yupi na mgeni huyo huiita kwa anwani gani. Prosesa hulinganisha kila tafsiri na jedwali hilo, na mgeni mwenyewe huthibitisha kila ukurasa kabla ya kuutumia. Mwenyeji bado hugawa fremu, ila hawezi kubadilisha ramani pasipo mgeni kujua. Msomaji makini atatambua humo kanuni ya Xen ya mwaka 2003, kwamba kila fremu ina aina na mwenyewe. Kilichobadilika ni mlinzi: ulinzi umetoka kwa haipavaiza na kuhamia kwenye chuma, kwa kuwa haipavaiza sasa ndiyo inayoshukiwa.

9.0 Hitimisho

Historia hii inatoa mafunzo matatu. Kwanza, kusahau kuna gharama. Sharti la mwaka 1974 na maunzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwapo kwa maandishi, na bado ukoo wa x86 ulizipitia hatua zilezile upya kwa miaka ishirini na zaidi. Pili, hakuna jibu lililoondoa gharama ya tafsiri mbili. Kivuli kiliilipa wakati wa kuandika jedwali, maunzi ya ngazi mbili huilipa wakati wa kusoma, na Xen iliilipa kwa kumtaka mgeni abadilike. Mchaguzi wa mfumo huchagua mahali pa kulipia. Tatu, kila hatua iliyoongeza kasi ilikuwa pia hatua ya kumwamini mtu au kifaa kipya, na imani hiyo ilikaguliwa na washambuliaji kabla ya kukaguliwa kikamilifu na wabunifu.

Kwa upande wa lugha, mada hii ina bahati isiyo ya kawaida. Taaluma ya mashine pepe ilijichagulia istilahi za mgeni na mwenyeji, ambazo Kiswahili kinazo tangu zamani pamoja na maadili yake yote: mwenyeji hugawa nafasi, mgeni hatembei vyumba vyote, na kila mmoja ana haki juu ya mwenzake. Mwalimu wa kompyuta katika ukanda huu anayeeleza majedwali ya kurasa kwa Kiswahili haanzi kutoka sifuri. Anachohitaji ni kuziweka istilahi kama jedwali kivuli na jedwali la ngazi ya pili mahali pamoja na kuzitumia kwa uthabiti. Serikali, mabenki na vyuo vya ukanda huu vinapokodi nafasi katika seva za wengine, vinakuwa wageni katika maana kamili ya neno hilo. Ni haki ya mgeni kuuliza ramani ya nyumba imeshikwa na nani, na kuuliza kwa lugha anayoielewa.